Kocha wa Jimu Niliyoicheka

Kocha alikuwa hajui kufunga mlango taratibu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na mfereji na safu ya migomba tu, huku juu ya Kiboriloni, na kwa miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kuhitaji saa ya kuniamsha. Alfajiri mlango wake ulibamizwa, kuku wangu wakarukaruka bandani, nikajua kumekucha. Akikohoa, mbwa walikaa chini. Akikata majani makavu ya migomba, ungedhani mgomba umemtukana mama yake. Hata sala alizisali kwa kufoka. Jumapili kanisani sauti yake ilimtangulia mchungaji kwenye Baba Yetu, na alipofika "utusamehe makosa yetu" alikuwa anakipiga kiti cha mbele kwa ngumi. Waliokuwa wakikaa kiti kile walikuwa wageni. Sisi wenyeji tulishajua.

Tulimwita Kocha, wakubwa kwa wadogo, hata mkewe. Sababu ilikuwa ghala lililoko chini ya kihamba chake, lile shamba la migomba la ukoo, pembeni ya barabara. Zamani lilihifadhi kahawa, enzi ambazo kahawa ilijenga nyumba na kusomesha watoto. Kahawa ilipokosa bei, Kocha akafagia, akaingiza ekseli ya gari bovu, akaishindilia saruji kwenye makopo ya rangi kila upande, na hiyo ikawa jimu. Baadaye alileta tairi la trekta, akiliburuta na vijana kutoka kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni, kupanda mlima, jua kali, huku akiwatukana njia nzima. Lilikaa katikati ya sakafu, na pembeni yake nyundo ya kuvunjia mawe. Kioo hakikuwepo. Kijana mmoja alipouliza kioo kiko wapi, Kocha alimjibu, "Cha nini? Sura yako huijui?"

Waliokuja walikuwa mchanganyiko. Wagumu, yaani wale wanaobeba mizigo ya watalii kupanda nayo mlimani, walikuja kujiandaa kabla ya msimu. Walikuja vijana wa bodaboda, fundi seremala, na karani mmoja wa mjini aliyevua tai mlangoni. Kabla ya kurudi nyumbani, kila mmoja alitakiwa kulipiga tairi kwa nyundo mpaka magoti yakatike. Haikujalisha amenyanyua nini. "Hakuna kwenda nyumbani na mkono wa moto," Kocha aliwafokea. Jioni nikiwa jikoni nilisikia mapigo yale, du, du, du, na nilicheka peke yangu. Nilidhani ni mbwembwe.

Alikuwa na misemo, na mingi aliipata kwa kugombana na methali za watu. Ukimwambia hasira hasara, alikurukia. "Hasara naijua! Niambie pa kuipeleka hiyo hasira!" Ukimwambia mvumilivu hula mbivu, alikuuliza kama umewahi kuona mbivu zikiliwa na ndege huku mvumilivu bado anavumilia. Kuna mmoja alioutunga mwenyewe na sikuuelewa mpaka baadaye sana. "Sale huombea ya jana. Ya kesho haliyajui."

Kila Desemba, watoto wa mlima wanaporudi kutoka Dar na kwingineko, Kocha ndiye aliyekuwa mchinjaji wa ukoo wao. Hakuna aliyemkaribia kwa kazi ile. Kisu alikinoa siku nzima, na ng'ombe akilazwa hakuteseka hata kidogo: mkono ulishuka mara moja, damu ikaruka, kazi imekwisha. Damu ilikingwa vizuri ipelekwe kwenye kisusio, ile supu yetu ya damu, nyama ikakatwa kwa mafungu, kila ndugu na fungu lake la haki kufuatana na nafasi yake, na hakuna shemeji aliyewahi kulalamika. Mwaka mmoja shemeji alitoka mjini na maringo yake, akataka na yeye achinje mbuzi. Akakosea. Mbuzi akapiga mateke huku shingo inaning'inia. Kocha alimpokonya kisu, akammaliza mnyama, kisha akamshika yule shemeji ukosi, akamkalisha kwenye mavi ya ng'ombe na suruali yake ya sikukuu. Hakuna aliyethubutu kumwinua mpaka nyama ilipoiva.

Lakini mtu huyohuyo, baada ya kuchinja, hakuingia nyumbani kwake. Alinawa kwa majivu mpaka viwikoni, akashuka ghalani, na sisi tuliokuwa tunasubiri supu tukasikia tairi linapigwa. Wakati wenzake wanashika kata za mbege, pombe yetu ya ndizi, yeye anapiga tairi. Nilimweleza mkewe kwamba mumewe anapenda sana misuli yake kuliko wageni. Mama yule alinitazama, akatabasamu, akaendelea kumenya ndizi.

Na hakubeba watoto wachanga. Mjukuu wangu alipoletwa kutoka Sanya Juu nilimpelekea amwone, nikamnyooshea mtoto. Kocha alirudi nyuma, mikono akaificha mgongoni.

"Mshike basi, Kocha, haumi huyu."

"Nimemwona. Mzuri. Mrudishe mama yake."

"Unaogopa mtoto?"

"Mikono yangu si ya hivyo, jirani."

Nilikwenda nikiwasimulia watu kwamba baunsa mzima anaogopa kichanga. Walicheka sana.

Kisa cha mwizi wa Kiboriloni ndicho watu wanachokikumbuka zaidi. Ilikuwa siku ya soko. Mimi nauza mitumba pale, na kila kitu kilitokea mbele ya meza yangu. Kijana alichomoa simu kwenye mkoba wa mama mmoja, akashikwa, na kabla hujasema "Yesu" watu walishamzunguka. Tofali la kwanza lilimpata begani, la pili mdomoni. Mtu alishaanza kuuliza mafuta ya taa. Kocha alikuwa amekuja kununua kamba. Aliingia katikati ya lile kundi kama fahali aliyekatikiwa kamba, anashika mtu na kumrusha, anashika mwingine na kumrusha. Muuza viazi mmoja alivunjika mfupa wa bega. Kocha akamwinua yule mwizi kwa mkanda wa suruali, damu inamtiririka kifuani, akamtoa pale akiwa hai.

Kwa wiki nzima mtaani alikuwa shujaa. Nilimwendea kumpongeza, nikamkuta amekaa ukingoni mwa mfereji, mikono ameibana kwapani, siku tatu baada ya tukio.

"Umeokoa roho ya mtu," nikamwambia.

"Nimemvunja mwingine."

"Si alikuwa anataka kuua?"

"Jirani, nilipomrusha yule wa viazi, nilifurahi. Nilisikia utamu mpaka kwenye meno. Hiyo ndiyo shida. Wewe hujui utamu wake, mshukuru Mungu."

Nilikuwa sijui. Na kwa kuwa nilikuwa sijui, niliendelea na kazi yangu.

Kazi yangu ya pili, nje ya mitumba, ilikuwa safu ya vichekesho kwenye gazeti dogo la mjini. Niseme ukweli kuhusu sisi tunaoandika vichekesho: ni wavivu. Tunatafuta mtu ambaye akijitetea anazidi kuchekesha, tunamkalia hapohapo. Watu wa jimu ni chakula cha bure. Akinuna umeshinda, akikaza kifua umeshinda zaidi. Tena mimi nilikuwa nawauzia singlendi, nikiwaona wanavyochagua iliyowabana mpaka kitovu kinaomba msaada. Nilikuwa na mali ghafi mezani kwangu kila siku.

Niliandika kwamba mwanajimu wa Moshi ana kifua cha fahali na miguu ya korongo. Niliandika kwamba anapita mlangoni kiubavuubavu, si kwa sababu ya upana wa mwili wake bali upana wa mawazo yake kuhusu huo mwili. Niliandika kwamba asubuhi ananyanyua makopo ya saruji, na mchana anamtuma mkewe ndoo ya maji. Nilivipenda vichekesho vile, na bado sijui kama nimeacha kuvipenda.

Siku moja niliwapelekea singlendi walizoagiza, na kwa kuwa ghalani hapakuwa na mtu, niliingia. Nyuma ya mlango kulikuwa na misumari, na kwenye kila msumari jani la sale lililokauka, limefungwa fundo. Yalikuwa mengi. Nilicheka palepale, na gazeti lililofuata likatoka na aya hii, naikumbuka neno kwa neno: "Mmeulizana siri ya misuli yao ni nini. Mimi nimeiona. Nyuma ya mlango wametundika masale yaliyokauka kama dagaa. Wanayachemsha. Kikombe kimoja cha mkono wa kulia, kikombe kimoja cha mkono wa kushoto. Miguu haipewi, ndiyo maana mnaiona vile."

Aya ile ilipigwa picha, ikazunguka kwenye simu za watu mpaka Dar. Kwenye vilabu vya mbege, mtu wa jimu akiingia aliulizwa kama leo ameshakunywa vikombe vyote viwili. Nilijiona nimefika. Sikugundua kwamba wazee wa mlimani walikuwa hawacheki. Waliisoma, wakatazamana, wakaanza kuhesabu kimyakimya ni nani na nani wanaokwenda pale.

Kocha alikuja kwangu alasiri, nimekaa nachambua maharage. Hakunisalimu. Alisimama mbali, ng'ambo ya uwanja, akaniangalia kwa muda, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa jirani yangu. Nilipima mlango uko umbali gani. Kisha akageuka, akachukua shoka langu, akaanza kupasua gogo la mgrevilia lililokuwa limenishinda tangu mvua za masika. Alilipasua lote. Alipolimaliza akahamia kwenye magogo mengine, vipande vinaruka mpaka kwenye maharage yangu, jasho linamtoka, na kila pigo anatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Hakuacha mpaka hapakuwa na kitu cha kupasua. Ndipo akaweka shoka chini, mbali na yeye, akakaa.

"Jirani, wewe ni Mchagga?"

"Kocha, swali gani hilo?"

"Sale ni la nini?"



Kwetu, mtu aliyemkosea mwenzake kosa zito humtuma mzee na jani la sale. Ni jani la kuomba msamaha. Mtu hapelekewi sale kwa sababu ya kuku kuingia shambani, hapana, ni kwa damu, kwa tusi la mzazi, kwa mambo ambayo mdomo peke yake hauwezi kuyaombea. Ukishalipokea, umesamehe, na kinyongo kinatakiwa kiishie hapo. Nimezaliwa na hilo. Nimemwona shangazi yangu akipokea jani la namna ile huku jicho limevimba. Na bado, nyuma ya mlango wa Kocha, nilichokiona mimi ni dagaa.

"Kila jani lile," Kocha akaniambia, "limetoka kwa mwanamke. Mwanamume akija kwangu anataka kunyanyua, namwuliza, uliyempiga umeshampelekea sale? Kama bado, aende. Kama tayari, basi huyo mama mwenyewe ampe jani alilopokea, alilete. Asipompa, simpokei. Sale limeombea ya jana, chuma kitaangalia kesho."

"Wote? Hata karani?"

"Wote. La kwanza kutundikwa ni langu. Nilimpiga mke wangu kofi moja, akaangukia mafiga, nikaona damu inachemka juu ya jiwe. Nilikuwa kijana. Tangu siku hiyo sijamgusa, lakini usidhani nimepona. Kila jioni nakwenda kulipiga tairi ili niweze kulala ndani ya nyumba yangu."

Nilisema nini? Nilisema, "Sikujua."

"Najua hukujua. Lakini wazee wanajua sale ni nini. Umewaambia wote. Sasa kila anayeonekana mlangoni kwangu watu wanajua kwamba ni mpigaji. Jana hakuja mtu."

Hapa niseme wazi nilichokihisi, maana nimekwisha kuwa mzee wa kutosha kusema. Sikuhisi majuto. Nilihisi hasira. Nilimwambia Kocha kwamba kama ni wapigaji, basi vizuri wajulikane, waone aibu, wachekwe mpaka wahame. Nilimtajia shangazi yangu. Nilisema mengi, na kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunijibu, akainuka, akaniambia nijiandae kesho asubuhi tushuke hospitali, kuna mtu wa kumwona.

Alikuwa mke wa yule fundi seremala. Mumewe ndiye aliyenitengenezea meza ya sokoni, kijana mpole wa sura, anayeongea na mbao kwa upole kuliko wengi wanavyoongea na watu. Mkewe alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Taya lilikuwa limefungwa waya, jicho moja limezama ndani ya uvimbe, mkono wa kushoto uko kwenye plasta. Mumewe alikuwa amempiga kwa mguu wa kitanda, kitanda alichokuwa bado anakitengeneza. Kocha hakuingia. Alibaki ukumbini, uso ukutani.

"Dada," mgonjwa akasema kupitia kwenye meno, "wewe ndiye unayeandika?"

"Ni mimi."

"Ile ya masale nilicheka."

Nilivuta kiti karibu.

"Alikuwa anakula. Nikamsomea. Nilipofika pale pa kikombe cha mkono wa kulia, nilishindwa kujizuia, nilicheka mpaka machozi. Tangu aanze kwenda kwa Kocha hakuwa amenigusa. Miezi. Nikadhani sasa tumefika mahali pa kutaniana." Akapumzika, akameza mate kwa shida. "Na ilichekesha kweli, dada. Usifikiri haikuchekesha."

Nilitoka pale nikakaa chini kando ya maua ya hospitali. Kocha aliniletea maji kwenye kopo, akalitua chini niliokote mwenyewe.

Siku hiyohiyo alimfuata fundi, nami nilimfuata Kocha kwa sababu nilitaka kuona yule kijana akivunjwa. Sitaficha. Tulimkuta karakanani kwake amekaa kwenye vumbi la mbao. Watu wakajaa haraka, kama wanavyojaa siku zote. Kocha alimwinua kwa shati, akambandika ukutani, na watu wakaanza: "Mpige! Mpige, Kocha, na yeye asikie!" Mimi nilipiga kelele kuliko wote. Fundi mwenyewe, machozi na kamasi vikimtoka, akasema, "Nipige, Kocha. Naomba unipige."

Ngumi ya Kocha ilikuwa juu. Niliona msuli wa shingo yake unavyoruka.

"Nikikupiga wewe saa hizi," akasema, "jioni nitampiga nani?"

Akamshika mkanda, akamtembeza barabarani mpaka kituo cha polisi, watu wakiwafuata na kuzomea, akamkabidhi kwa askari na kusimama pale mpaka maelezo yakaandikwa. Fundi alihukumiwa kifungo. Mkewe alirudi kwao, na mpaka leo hawezi kutafuna mahindi ya kuchoma.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi nilikuwa nawafundisha watoto wangu methali hiyo bila aibu. Nimefikiri sana tangu siku ile na sijafika mahali pazuri. Watu wameniambia, si wewe uliyepiga, ni yeye. Ni kweli, na nitaisema mbele ya askofu: aliyepiga ni aliyepiga. Sitasema kamwe kwamba mwanamume wa namna ile achukuliwe taratibu kama yai, wala kwamba mwanamke asicheke nyumbani kwake. Mwanamke acheke! Inaniuma mpaka leo kwamba kilichomponza yule binti ni kicheko, kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo jioni ile. Lakini kicheko kile nilimpa mimi. Mimi nilicheka nikiwa nimekaa mahali ambapo ngumi haifiki. Msomaji wangu alikuwa amekaa mkabala nayo, meza moja.

Na wale wengine, wale wa singlendi za kubana? Bado wanakuja mezani kwangu, bado wananichekesha. Majuzi kijana mmoja alinunua fulana ya mtoto wa darasa la saba, akaivaa palepale, akashindwa kuivua. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamtazama mikono, nikajiuliza ameitoa wapi na anaipeleka wapi. Inawezekana alikuwa na mikono tu, na upumbavu wa ujana. Nilimsaidia kuivua nikanyamaza, na safu yangu nikaanza kuandika kuhusu madiwani, ambao hawana cha kupoteza.

Jimu haikupona. Kocha aliyabandua majani yote nyuma ya mlango, akazunguka nayo kwa miguu nyumba hadi nyumba, akimrudishia kila mama jani lake, kwa maelezo kwamba siri aliyompa imeibiwa kwake. Baadhi ya wanaume walirudi baadaye, wachache. Wengine wakaanza kwenda jimu za mjini zenye vioo na muziki. Wengine sijui walikwenda wapi, na hao ndio ninaowaota. Kocha aliendelea kulipiga tairi peke yake kila jioni, mpaka moyo ulipomwangusha pale sakafuni, nyundo mkononi, tukamkimbiza hospitali akiwa bado anapumua.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa maongezi ilikuwa mwaka huu, mwanzo wa kipupwe. Nilikuwa nimepita kilabuni kununua mbege ya wageni, nikawasikia wanaume wakivunjika mbavu. Kocha amefukuzwa na mkewe! Baunsa analala ghalani, anapelekewa chakula kama mbwa! Mmoja akanigeukia. "Mama, andika hiyo, tucheke kama zamani." Nilimwambia akaandike yeye, nikaacha mbege yangu, nikashuka ghalani.

Nilimkuta amekaa mlangoni juu ya kigoda. Alikuwa amekonda, ngozi ya mikono imelegea, na nyuma yake ekseli imelala sakafuni imeshika kutu.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, jirani. Umekuja kuandika?"

"Nimekuja kukuona. Wanasema umefukuzwa."

"Nimetoka mwenyewe." Alivuta pumzi. "Daktari amesema nisinyanyue hata ndoo. Tairi ndiyo kabisa."

"Basi pumzika."

"Mimi nimepumzika. Hasira haijapumzika." Akaelekeza kidole nyumbani kwake. "Nimetoka hospitali, tuko mezani, mama akamwaga chai. Chai tu, jirani! Mkono ukanyanyuka." Akaunyanyua kunionyesha, taratibu, mpaka usawa wa shavu. "Ulifika hapa. Haukushuka. Yeye hata hakuuona, alikuwa anafuta meza. Nikachukua blanketi nikashuka huku."

"Lakini haukushuka, Kocha. Umri wote huo hujamgusa."

"Kwa sababu nilikuwa natoka kwenye tairi. Sasa natoka wapi? Lile kofi moja lilichukua sikio lake la kushoto, na hili la kulia linasikia kwa mbali. Ningoje nimalizie?"

Nilikaa naye kizingitini. Baada ya muda mkewe alitokea juu kati ya migomba, sufuria ya machalari, ndizi za nyama, imefunikwa kwa kitambaa. Alishuka mpaka kwenye mfereji, pale unapokatiza juu ya ghala, akaiweka juu ya jiwe upande wetu, akarudi ng'ambo. Kocha aliinuka kwa shida, akaichukua, akarudi kwenye kigoda chake. Kisha akajaza kifua na kupiga kelele kwa ile sauti yake ya Baba Yetu.

"Umekula?"

"Nimekula! Kula wewe, kitapoa!"

"Mguu je?"

"Unauma kidogo! Nimeupaka mafuta!"

"Usiende kukata majani! Mwambie kijana wa jirani!"

"Nimeshamwambia!"

Vijana wawili walikuwa wanapita barabarani. Mmoja akamwambia mwenzake, "Wazee wameanza tena kugombana," wakacheka, wakaenda zao.

"Nije nikae hapo?" mama akauliza, mkono umezunguka sikio lake.

Kocha aliweka sufuria chini. Akaitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine, kama anayeangalia mvua itanyesha au haitanyesha.

"Leo hapana!" akapiga kelele. "Leo si mizuri! Labda kesho!"

"Haya, kesho!"

Akatandika khanga yake kwenye majani, ng'ambo ya mfereji, akakaa akitutazama, akimngojea mumewe amalize kula.